Mluzi Mmoja Panda, Miwili Shuka

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ukifika hapo itikia kwa sauti, maana Mama ananiambia siku hizi hata marahaba husemi, unatikisa kichwa tu kama mjusi ukutani.

Mimi huku mzima, mafua yalinishika kidogo yakaniachia. Mwalimu anakusalimu sana (mchumba wangu, usijifanye umemsahau). Anauliza kama ni kweli uliwahi kuchora ng'ombe kwenye bucha akatokea mkubwa kuliko bucha yenyewe. Nimemwambia ni kweli, na mkia uliishia kwa muuza viatu.

Kazini ni yale yale, meno ya bandia asubuhi mpaka jioni. Juzi alikuja bibi mmoja kuchukua yake. Nilikuwa nimeyapanga yakalingana kama matofali, nikajipongeza kimoyomoyo. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akayatoa akanirudishia mkononi. "Mwanangu, haya meno ya nani? Jino langu moja la mbele lilikuwa linamwegemea mwenzake. Liegemeze, la sivyo wajukuu watadhani nimeazima mdomo." Nimeliegemeza. Alivyocheka tuliogopa yatamtoka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, tangu mkeo, Anti, atutoke hujagusa brashi. Bango lako lilianguka kwa upepo wiki ile ile ya msiba, na Mama anasema mpaka leo limelala nyuma ya mlango wa karakana, na karakana imefungwa. Wewe mwenyewe umejifungia kwenye kile chumba alichokupa, unatazama dari. Dari ya Mama naijua, haina kitu cha kutazama.

Hapa zahanati tuliletewa mshauri. Akatugawia karatasi na rangi, akatuambia tuchore kilichomo moyoni. Tukacheka, tukakonyezana. Basi dereva wetu, mtu mzima na kitambi chake, akachora kiti kitupu, akakitazama, akalia mbele yetu sote. Alipomaliza akajifuta, akauliza chai iko wapi, na tangu siku ile amekuwa mwepesi, anaimba anapoendesha. Mimi sikuchora chochote, nilisingizia kazi.

Ndiyo maana nakutumia kifurushi hiki, vibao vidogo na makopo ya rangi. Chora kilichomo moyoni. Usiniulize vipi, fundi ni wewe.

Mpwa wako

* * *

Tarehe 20 Februari

Bi Meno,

Marahaba! Nimeitikia kwa sauti mpaka paka wa mama yako amekimbilia chini ya meza. Umeridhika?

Hapa nyumbani wote wazima. Mama yako yu mzima kupita kiasi. Jana alinifundisha namna ya kuketi. Mimi, mtu mwenye mvi, nafundishwa kuketi! Anasema navunja viti vyake kwa huzuni. Nimemuuliza huzuni ina kilo ngapi, akanirushia kitambaa cha vyombo. Mwalimu mwambie ng'ombe yule hakuwa mkubwa, bucha ndiyo ilikuwa ndogo.

Sasa haya mambo yenu ya kuchora moyo. Hebu niache kidogo. Miaka yote nimechora vinavyouzwa. Kuku nimechora, viatu, sabuni, vichwa vya watu walionyolewa vizuri. Moyoni mwangu kuna majonzi, hilo sikufichi, lakini majonzi nani ananunua? Ndivyo nilivyokuwa nikijisemea huku nimekishika kibao chako. Halafu mkono ukaanza wenyewe, herufi nene, kivuli chekundu chini yake, kama za duka la nafaka:

MAJONZI. JUMLA NA REJAREJA.

Nikakitazama. Nikaongeza kwa chini, herufi ndogo: Hatukopeshi. Nilicheka, Bi Meno. Peke yangu, chumbani, mpaka mama yako akagonga mlango kuuliza kuna mgeni gani. Ni mara ya kwanza tangu, basi, tuyaache hayo.

Jambo jingine. Mwenye nyumba wa karakana alipita. Hana neno baya, ila anasema mlango uliofungwa unaupooza mtaa wake wote. Nifungue kabla Juni haijaisha, au nimrudishie ufunguo, ampe seremala wa jirani anayetafuta pa kuwekea mbao. Ningefungua kesho. Lakini karakana ya mwandika mabango isiyo na bango ni aibu, lile lililoanguka limepasuka, na jipya lazima liandikwe pale juu ukutani, na magoti yangu hayataki ngazi. Ndivyo uzee ulivyo. Msalimie Mwalimu.

Mjomba wako

* * *

Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, sote huku hatujambo.

Nilisoma habari ya kibao chako ndani ya chumba cha meno nikaangusha taya zima la plasta. Hatukopeshi! Nimemsimulia dereva, anasema ungekuwa karibu angenunua ya rejareja.

Usiishie hapo. Chora vingine. Na hiyo karakana, nakuomba kwa miguu yote miwili, usimpe mtu ufunguo. Nimekulia mle ndani. Nilijifunza kusoma kwa mabango yako. Neno langu la kwanza, kama unakumbuka, lilikuwa SABUNI. Ikijaa mbao za seremala nitasikia kama nimehamishwa bila kuulizwa. Nakutumia dawa ya kuchua magoti. Asubuhi na jioni, na usiipake juu ya suruali kama ulivyofanya ile ya mgongo.

Mpwa wako

* * *

Tarehe 6 Aprili

Bi Meno,

Salamu nyingi. Dawa imefika. Mama yako aliionja kwanza kwenye goti lake, kuhakikisha si sumu, akahakikisha mpaka ikaisha. Sasa anapanda ngazi za sokoni mbili mbili na hajakushukuru wala hatakushukuru.

Hapa mambo yameharibika, na mchawi ni wewe. Kile kibao nilikitundika mlangoni kwangu kwa mzaha. Asubuhi ya pili niliamka na hasira, sijui ya nani, nikaandika: HASIRA MPYA ZIMEFIKA. MAUZO KABLA YA CHAI TU. Nilipomaliza kupaka kivuli cha herufi ya mwisho, hasira yenyewe sikuiona tena. Nimetafuta kila mahali. Ilikuwa imebaki kwenye kibao, mimi sina. Nilishangaa kweli. Kesho yake nikaandika LEO TUNAPOKEA WAGENI, nikajikuta nimeketi barazani namsalimu kila anayepita, hata nisiowapenda.

Basi mama yako sasa kila asubuhi anakuja na kikombe chake cha chai, anasoma mlango kabla ya kunisemesha. Akikuta MAJONZI anapita kwa kunyata. Wiki iliyopita akasema na yeye anataka chake cha jikoni. Nikamuuliza tuandike nini. Akafikiri, akakunja uso, akasema andika: MANENO YA JANA HAYAPOKELEWI. Nimemwandikia kwa kijani. Unajua tulivyogombana mimi na yeye tangu utotoni? Hicho kibao kimefanya kazi ambayo wazee wa ukoo walishindwa.

Na si yeye tu. Seremala alikuja kuazima nyundo, akaona, akarudi jioni amejifunika kofia mpaka usoni. Ana ugomvi na mkewe, mdomo umemshinda. Nikamwandikia: SAMAHANI ZA UHAKIKA, ZINAPATIKANA KWA SEREMALA, MUULIZE MWENYEWE. Mkewe amekitundika sebuleni. Mtu mwenyewe ndiye anayetaka kuchukua karakana yangu, na mimi namsuluhishia ndoa. Sasa wanakuja wawili watatu kila wiki. Wanakaa, wanasema wanataka kibao cha upendo, ukiwauliza maswali mawili unakuta ni cha hofu. Tunaandika cha hofu, wanaondoka wanacheka.

Magoti bado.

Halafu, mbona barua yako haina salamu za Mwalimu? Nimeigeuza nyuma na mbele. Umesema "sote". Sote ni nani na nani?

Mjomba wako

* * *

Tarehe 25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mwalimu ana kazi nyingi siku hizi.

Nimefurahi habari za vibao mpaka nimezirudia mara nyingi. Ila Mama ameniandikia, na ana neno. Anasema majuzi ulipanda juu ya dari kumtoa paka, ukashuka, ukapanda tena kwa sababu paka alirudi, na hukusema goti wala kisigino. Juni inakuja, Mjomba. Kama si magoti, ni nini?

Mpwa wako

* * *

Tarehe 4 Mei

Bi Meno,

Sisi wazima.

Mimi niliuliza Mwalimu, ukanijibu kazi nyingi. Wewe umeuliza ngazi, nakujibu magoti. Tumetoka sare.

Nimefikiri jambo. Umenitumia rangi, umenitumia dawa, umenitumia maswali. Dereva wenu alichora, mimi nimechora, mama yako ana kibao, seremala anacho. Wewe ulisingizia kazi. Nakurudishia kibao kimoja kati ya vile ulivyoleta, kitupu, na makopo mawili, la bluu na la njano. Sitaandika barua nyingine mpaka nione umeandika nini.

Mjomba wako, aliyenuna kidogo

* * *

Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Umeninunia mwezi mzima na kweli nimenyooka.

Mwalimu hayupo. Yaani yupo, ana afya yake na baiskeli yake, ila si kwangu. Mwezi wa tatu alinikalisha akaniambia anataka mke mtulivu, asiyecheka kwa sauti mbele za watu. Nikamjibu sawa. Ndivyo nilivyosema, sawa, kama mtu aliyeulizwa kama chai iwe na sukari. Nikarudi kazini nikapanga meno. Sikumwambia mtu. Mama alikuwa ameshaanza kushona gauni, na kila barua yake ilikuwa na habari ya mikono ya gauni, ningeanzia wapi?

Kibao chako nilikificha kabatini. Jumapili moja nikakitoa, nikakaa mezani, nikasema leo naandika MAJONZI nimwigize Mjomba, yaishe. Nikafungua kopo la bluu. Mkono ukaenda kwenye njano. Nikaurudisha, ukaenda tena. Basi nikauacha, nikitaka kuona unakokwenda. Ukaandika:

NAFASI IPO. VICHEKO VINARUHUSIWA.

Nilikitazama nikalia kama niliyepigwa. Halafu katikati ya kilio nikaanza kucheka, kwa sauti, peke yangu, yule jirani wa juu akagonga sakafu. Miezi yote hii nilikuwa naitafuta huzuni kwa sababu nilidhani ndiyo inayotakiwa, na nilipochungulia vizuri nikakuta nafuu. Niliogopa kuikubali. Mtu ukiachwa ukasikia nafuu unajiona una kasoro.

Nakutumia chenyewe kwa posta. Usikicheke. Au kicheke, kinaruhusu. Mama usimwambie kwanza.

Mpwa wako

* * *

Tarehe 10 Juni

Mpwa wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za paka.

Kibao nimekipokea. N yako ina mguu mmoja mfupi. VICHEKO vimebanana ukingoni kwa sababu hukupima kabla ya kuanza, kosa la kila mwanafunzi. Njano umeimwaga utadhani inatolewa bure. Nimekitundika juu ya kitanda changu na hakitoki.

Yule bwana tumwache aende. Mtu anayeogopa kicheko angeishije na ukoo huu? Siku ya kwanza tu angekimbilia darini na paka. Mama yako nimemwambia, nisamehe, kanitazama machoni nikashindwa. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema gauni lile akilipunguza litakuwa blauzi nzuri ya kutokea, na wewe njano inakupendeza kuliko nyeupe. Jikoni ana kibao kinachomkataza maneno ya jana, basi amekiheshimu.

Umesema yako. Na mimi niseme yangu.

Juzi asubuhi nilitaka kuandika kibao cha siku, neno halikuja. Nikaanza tu kuchora barabara, kama inavyoonekana ukiwa juu ya ngazi. Halafu ukingo wa pili wa barabara. Halafu mtu mdogo amesimama pale, gauni la kijani, vidole viwili mdomoni. Nilipoweka brashi chini ndipo nikamtambua. Ni kibao changu cha kwanza maishani kisicho na herufi hata moja.

Wewe ulikuwa mtoto, huenda hukutilia maanani. Mtu aliye juu ya ngazi haoni anachoandika, pua yake iko kwenye herufi moja. Uzi wa chaki, ule wa kupigia mstari, hausaidii, maana kuta za mtaa huu zimepinda na mapaa yake yamepinda. Uzi unanyooka vizuri kabisa, na anayepita chini anaona maandishi yamelala. Lazima mtu asimame ng'ambo na akuambie macho yanaona nini. Bibie wangu ndiye aliyesimama ng'ambo, ndoa yetu yote. Mluzi mmoja, panda kidogo na brashi. Miwili, shuka. Mitatu, acha kila kitu uteremke, chai iko tayari. Mabango yote unayoyaona hapa yamenyooshwa na mdomo wake.

Magoti yangu mazima, Bi Meno. Naweza kucheza mpira. Ninachoogopa ni kufika kule juu, nikamaliza herufi ya kwanza, nikageuza shingo kwa mazoea, nikakuta ng'ambo hakuna mtu. Sikujua kama ndicho ninachoogopa mpaka nilipokichora. Nililia kwa sauti, na mama yako akapunguza redio ili asikie vizuri.

Kwa hiyo ufunguo nadhani nitaurudisha. Nisamehe. Najua ulisomea mle.

Mjomba wako

* * *

Tarehe 28 Juni

Bi Meno,

Sijangoja jibu lako, maana mambo yamekimbia. Wote wazima, ingawa mimi nimetapakaa rangi kuanzia nywele mpaka viatu.

Ile picha niliitundika mlangoni kama kawaida. Mama yako akaja na chai yake, akasimama. Hakusoma, kulikuwa hakuna cha kusoma. Akatazama, akaondoka chai hajainywa. Nikasema huyu naye nimemuudhi.

Asubuhi iliyofuata nasikia kishindo nje. Natoka, namkuta ameburuta ngazi kutoka uani mpaka mlangoni pa karakana hapo jirani, yeye na ule mgongo wake, kisha amevuka barabara. Amesimama ng'ambo, pale pale. Mkono mmoja mfuniko wa sufuria kubwa, mkono wa pili mwiko. Akanipigia kelele mtaa mzima ukasikia: "Mluzi siwezi! Nimejaribu usiku kucha, unatoka upepo na mate! Mmoja panda, miwili shuka! Haya, panda wewe!"

Ningefanya nini? Nilipanda.

Herufi ya kwanza nilipoimaliza, shingo ikageuka yenyewe. Ng'ambo kulikuwa na dada yangu, kanga ya kichwani imemwangukia jichoni, anatazama bango kwa ukali kama anakagua mchele. Nikashika ngazi nikalia pale juu, watu wanapita chini. Aliningoja. Nilipojifuta akapiga mfuniko mara moja, paa! Nikapandisha brashi.

Tatizo ni kwamba mama yako hawezi kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Akipita mtu anayemfahamu, anamsalimu kwa mkono wenye mwiko, mfuniko unalia, mimi napanda. Akaja kuku wa jirani akamfukuza kwa mfuniko, paa, paa, paa, mimi juu nimechanganyikiwa, nipande, nishuke, au chai imeiva? Tulipofika neno la mwisho seremala alikuwa ameketi chini kwa kucheka.

Basi bango liko ukutani. Linasema MABANGO YA DUKA NA YA MOYO. Pembeni, pale nilipokuwa naweka jina langu peke yangu, nimemchora mwanamke mdogo wa gauni la kijani, vidole mdomoni. Mwenye nyumba amekuja akalitazama, akasema ufunguo nikae nao. Seremala amesema mbao ataweka kwa shemeji yake. Na muuza viatu, yule aliyepatwa na mkia wa ng'ombe, anataka hatimaye mkia ufutwe na yeye awe na bango lake, refu, juu kabisa.

Ila limepinda. Upande wa kulia umepanda, neno MOYO liko juu ya wenzake wazi wazi. Seremala ananishauri nilifute nianze upya. Mama yako anasema limenyooka na anayeona limepinda akapimwe shingo. Mimi kila nikivuka barabara nasimama kulitazama, na mkono wangu haunipi jibu. Rangi ya kulifutia ninayo. Wewe una jicho la meno. Nilifute?

Mjomba wako

* * *

Tarehe 3 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mpe Mama shikamoo mbili, moja ya kwake na moja ya mfuniko. Nimezisoma tena barua zako zote mbili kwa pamoja, nikalia na kucheka kwa zamu. Mwambie blauzi naitaka.

Usilifute. Usiliguse hata kwa kidole. Yule bibi wa jino linaloegemea alipita hapa wiki hii kutusalimu, na anasema hakuna mjukuu hata mmoja aliyemuuliza ana meno ya nani. Likinyooka, Mjomba, litakuwa bango zuri. Likibaki hivyo, kila tukipita tutajua nani hayupo pale ng'ambo, na nani alisimama badala yake akiwa na mwiko.

Muuza viatu mwambie angoje Jumamosi. Nimepewa likizo. Na tangu niliposoma ile barua yako ya tarehe kumi, kila mchana dereva wetu ananifundisha. Vidole viwili, ulimi unakunjwa nyuma. Siku za mwanzo nililowesha kila kitu. Sasa daktari ameniomba nifanyie nje, wagonjwa wanatoka kwenye viti wakidhani wameitwa.

Mama abaki na mfuniko kwa ajili ya kuku. Wewe weka ngazi kwa muuza viatu, panda, anza kazi yako, usihangaike kugeuza shingo. Mmoja panda, miwili shuka. Ukisikia mitatu, teremka tunywe chai. Ni mimi.

Bi Meno